Hayupo, Yuko

Kazi yangu ni herufi moja.
Saa mbili na nusu asubuhi madaftari huletwa ofisini,
nami naandika H penye kila kiti kitupu.
H ya hayupo.
Miaka kumi na minne sasa, hapa Calumet, kaskazini mwa Michigan,
mji uliochimbwa shaba hadi ikaisha,
ambako theluji huanza Oktoba
na ya mwisho huyeyuka Mei.

H tatu, barua ya kwanza.
H sita, barua ya pili, yenye mhuri.
H kumi, barua inayotaja mahakama.
Nilikuwa hodari wa barua.
Nilizikunja mara tatu, nikalamba gundi,
wala sikujiuliza zinafunguliwa katika jiko gani,
au kama zinafunguliwa.

Januari, nikitafuta kosa la hesabu,
nililaza daftari la darasa la nne na la tano ubavu kwa ubavu.
Waylon Heikkinen: hayupo Jumatatu, hayupo Jumatano, hayupo Ijumaa.
Otis Heikkinen: hayupo Jumanne, hayupo Alhamisi.
Wiki inayofuata, wamepokezana.
Pengo la mmoja limezibwa na mwenzake
kama meno ya zipu.
Watoto wawili walikuwa wakisoma
kama mtoto mmoja.

Barua ile sikuiposti.
Basi la shule hugeuzia darajani,
kwa kuwa greda la theluji hugeuzia darajani,
kwa kuwa ramani ya kaunti inaishia darajani.
Watu hawakuishia hapo.
Nilitembea nusu saa, theluji magotini.

Mlangoni, juu ya gazeti kuukuu,
alama ya maji ya pea moja ya buti.
Otis alifungua, soksi mbilimbili miguuni.
"Leo ni siku ya Waylon," akasema,
kama mtu anayekutajia saa.

Janelle, mama yao, alikuwa ndiyo kwanza anarudi
kutoka kukesha na wagonjwa kwenye nyumba ya wazee.
Aliitambua bahasha kwa rangi yake.
Niliirudisha mfukoni.
Akanimiminia kahawa kwa ghadhabu,
lakini akanimiminia.

Jumanne tulikutana chini ya kituo cha zimamoto:
muuguzi, mwenye duka la misumari na rangi,
Tervo dereva wa greda,
mwalimu mkuu na asilimia zake,
mchungaji na keki yake.
Kila mmoja alikuja na cha kutoa.
Janelle alisikiliza mpaka keki ikaisha.
"Huruma ninayo tele, imejaa kabati," akasema.
"Nileteeni barabara."

Kimya.
Tervo akaomba kalamu.
Akauvusha mstari wa ramani ng'ambo ya daraja,
nyumba tano mbele, mpaka sanduku la mwisho la barua.
"Dakika kumi na moja," akasema.
Kisha, bila kumtazama mtu:
"Miaka yote hii. Dakika kumi na moja."

Mwenye duka alileta kasha la buti, akaliacha ukumbini,
bila kibao, bila orodha ya majina.
Chukua, vaa, rudisha mguu ukikua.

Nisiseme uongo: daftari halijawa safi.
Februari Otis aliugua kifua, siku sita.
Brielle wa darasa la sita bado haji;
nimebisha kwao mara nne, na pazia halijasogea.
Greda nalo ni chuma, huharibika.
H bado naiandika.
Lakini nimejifunza kwamba
hayupo ni neno la mtu aliyeketi,
na yuko wapi
ni la mtu aliyekwisha kuvaa koti.

Leo saa mbili na dakika tano nilisimama dirishani.
Taa ya manjano ya greda ilikuja ikizunguka gizani,
nyuma yake basi,
na nyuma ya kioo chenye ukungu
kofia mbili za sufu zikigombania kiti.
Sikungoja daftari.
Wamo.